Mgonjwa wa mgongo asiachwe kitandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri ambao bado unatolewa kwenye zahanati, kwenye maduka ya dawa na hata majumbani mwetu, kwamba mtu aliyeshikwa na kiuno alale chali juu ya ubao, asiiname, asinyanyue kitu chochote, na asubiri hadi maumivu yaishe yenyewe.

Niliwahi kuufuata ushauri huo. Nilikuwa nimeinama kunyanyua ndoo ya maji, kiuno kikanikaza nikashindwa kunyooka. Baada ya kupigwa eksirei niliambiwa kwamba pingili zangu za uti wa mgongo zimesagika, nikaandikiwa dawa za maumivu na kutakiwa kulala wiki 3. Wiki ya kwanza nilipata nafuu, ya pili maumivu yakarudi, na ya tatu ikanikuta siwezi kwenda msalani bila kumshika mwanangu bega. Aliyenitoa kitandani ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, binti mdogo kuliko wengi niliowafundisha shuleni, ambaye aliniagiza nitembee hadi kwenye mwembe wa jirani na kurudi, mara nne kwa siku, na kila baada ya siku mbili niongeze mwendo kidogo. Nakiri kwamba siku ile nilimwona hana huruma.

Baadaye, kwa kusomasoma, nilitambua kwamba maagizo yake hayakuwa mageni. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliwalinganisha wagonjwa wa mgongo walioshauriwa kulala siku 2 na walioshauriwa kulala siku 7, wakaona kwamba kulala zaidi hakukuongeza nafuu yoyote, ila kuliongeza siku za kukosa kazi. Mwaka 1995 ikafuata taarifa ya Helsinki, Finland, iliyohusu wafanyakazi 186 wa jiji hilo waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno. Baadhi yao walishauriwa kulala kitandani siku 2, wengine wakapewa mazoezi maalumu ya mgongo, na waliobaki wakaambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kwa kadiri maumivu yanavyowaruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi kuliko wote.

Sababu zake si ngumu kuelewa. Msuli usiotumika hupungua nguvu katika muda wa siku chache tu, na zile diski zilizo kati ya pingili, ambazo kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu, hutegemea kubanwa na kuachiwa kunakotokana na mwendo ili majimaji yenye lishe yaingie na kutoka. Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni hofu. Mtu akishaambiwa kwamba mifupa yake imesagika, kila maumivu anayoyasikia huyachukulia kuwa ni msago mwingine, kwa hiyo hutembea amejikaza kama aliyebeba mayai, na kujikaza kwenyewe kunamwongezea maumivu. Neno hilo la kusagika lingefaa kutumiwa kwa uangalifu mkubwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015, uliohusu watu wasioumwa mgongo kabisa, ulionyesha kwamba picha za diski zilizochakaa zilipatikana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Huenda basi diski zangu zilianza kuchakaa nilipokuwa nikikimbizana na wanafunzi uwanjani, wala sikuwa na habari.

Kuhusu mkao, nami nina deni la kulipa. Kwa miaka mingi nilipita kati ya madawati nikiwaamuru watoto wakae wima, nikiamini kwamba kupinda mgongo ndiko kunakouharibu. Sijaona ushahidi kwamba upo mkao mmoja unaomkinga kila mtu na maumivu. Fundi cherehani, dereva wa daladala na karani wa ofisini wangenufaika zaidi kwa kuinuka kila baada ya muda na kujinyoosha kuliko kwa kujilazimisha kukaa kama askari wa gwaride. Na ile mikanda ya kiuno inayonadiwa stendi za mabasi, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halipendekezi itumike. Linachopendekeza ni pamoja na mazoezi yenye utaratibu na kumwelimisha mgonjwa.

Sisemi kwamba kila mgongo unaouma upelekwe matembezini. Anayeshindwa kuzuia haja au kukojoa, anayepata ganzi sehemu za siri, ambaye mguu unapoteza nguvu, au aliyeumia katika ajali, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye homa, jasho la usiku na kupungua uzito naye asichelewe, maana kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo.

Wataalamu wa fiziotherapia wanafundishwa hapa nchini, hospitali ya KCMC ya Moshi ikiwa mahali pamoja, lakini kwa niliyoyaona mgonjwa huwafikia mwisho kabisa, akiwa amekwisha kumaliza dawa, mikanda na akiba yake. Ninaomba viongozi wa afya wa wilaya waangalie uwezekano wa mgonjwa wa kiuno asiye na dalili za hatari kuelekezwa kwa wataalamu hao tangu siku ya kwanza, na pale wasipokuwapo, mganga wa zahanati amweleze kwa maneno machache aendelee kutembea. Nawe, Mhariri, ukurasa wako wa afya ungetusaidia kwa kumwalika mmoja wao atuonyeshe kwa picha mazoezi ambayo mzee anaweza kuyafanya nyumbani kwenye mkeka.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro