Wimbi la kwenye muvi silo lililokuja Malindi

Mhariri, asalaam alaykum.

Juzi nimemkuta mtoto wa dada yangu na wenzake wamejazana kwenye simu moja wanaangalia The Impossible, ile muvi ya 2012 ya tsunami ya 2004 kule Thailand, minazi inaanguka watu wanasombwa, akaniuliza mjomba hata la Malindi lilikuwa hivi? Nilikosa usingizi manake hawa watoto wanangojea waone ukuta wa maji ndio wakimbie.

Mimi siku ile, tarehe 26 Disemba 2004, nilikuwa Shella pwani. Mwezi mpevu, bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yashakupwa asubuhi na yameanza kujaa kama kawaida, mara yakageuka yakarudi nyuma. Hakuna kelele hakuna wimbi. Madau yakalala ubavu mchangani, tafi na changu wanarukaruka kwenye vidimbwi, sie watoto tukavamia na ndoo! Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona jarife lake, aliinuka akapiga ukelele "tokeni huko, si saa yake hii kupwa", akatufukuza na kasia mkononi. Na maji yaliporudi hayakuja kama ukuta, yalikuja kama mto uliofurika, yanapanda tu hayasimami, ndoo yangu sikuiona tena.

Kenya alikufa mtu mmoja. Somalia hapo jirani karibu 300, na kote kwa jumla zaidi ya 200,000. Na tetemeko lililoleta wimbi hilo lilipiga Sumatra, kule Indonesia, saa kumi alfajiri kwa saa zetu, tulikuwa na masaa tele ya kuambiwa na pale tulipo hakuna alotwambia kitu. Lakini watu wa kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na tetemeko lenyewe, walikufa saba tu kati ya maelfu na maelfu, kwa sababu tangu 1907 wazee wao wanawahadithia watoto kwamba ardhi ikitikisika na bahari ikikimbia, panda mlimani usingoje.

Sisi huku hata mtikisiko hatukuusikia, alama yetu ni bahari tu. Kwa hivyo nawaomba walimu wa shule na madrasa waiteni wavuvi wazee darasani wawaeleze watoto kupwa kwa kawaida kukoje na kusiko kwa kawaida kukoje, na kaunti iweke kibao pwani kwa Kiswahili. Wafanye haraka jamani, yule mzee wetu wa Shella tushamzika.

Msomaji wenu,
Malindi