Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Masomo ya Jamii na Stadi za Kuishi na Wenzao, Chekechea hadi Gredi ya 3

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Nakuru.

Kwa wazazi na walezi wa PP1 na PP2 (madarasa mawili ya chekechea) na Gredi ya 1, 2 na 3.

Hamjambo wazazi wapendwa,

Muhula wa Pili umefika mwisho na kadi za ripoti mtazipokea kutoka kwa walimu wa madarasa. Mambo ya sare na chakula cha mchana yameandikwa nyuma ya kadi, kwa hivyo sitayarudia hapa. Nataka kujibu swali ambalo wengi wenu mmeuliza langoni na kwa simu: mbona upande wa hesabu na kusoma unaeleweka, lakini upande wa jamii na mahusiano umeandikwa tu "anakaribia matarajio"? Na mbona mtoto anatumwa nyumbani kuhesabu hatua na kumhoji nyanya yake, badala ya kupewa kaunti 47 za Kenya akariri?

Nianze na hilo la kukariri. Katika mtaala wa umilisi, Masomo ya Jamii huanza kuwa somo linalojitegemea Gredi ya 4. Kabla ya hapo, habari za familia, majirani, kazi, ramani na uraia zimo ndani ya Shughuli za Mazingira. Mtoto wa miaka sita anaweza kuimba kaunti zote 47 baada ya wiki moja ya mazoezi. Muulize sasa kama Nakuru iko ndani ya Kenya au Kenya iko ndani ya Nakuru, naye atakukodolea macho. Ndiyo maana tunaanzia karibu: yeye mwenyewe, watu wa nyumbani, darasa, shule, mtaa, kisha mji. Kaunti na taifa vitakuja vikikuta pa kukaa.

Chukueni ramani. Mwambie mtoto wa Gredi ya 1 achore meza. Atachora miguu minne ikitokeza pande zote, kwa sababu anajua meza ina miguu na hataki kuiacha nje. Ramani inamtaka aone vitu kutoka juu, na hilo ni gumu kwa umri wake. Darasani tunatumia kasha la kiberiti. Mtoto analiweka juu ya karatasi, anasimama, anafumba jicho moja na kulitazama kutoka juu. Kisha analizungushia penseli na kuliondoa. Umbo lililobaki ndivyo kiberiti kinavyokaa kwenye ramani. Baada ya hapo tunapanga vikombe na visanduku juu ya sinia, halafu tunachora darasa lenyewe. Anayerushwa moja kwa moja kwenye ramani ya Kenya atajifunza kuipaka rangi tu.

Gredi ya 3 wanafika kwenye njia. Wanahesabu hatua kumi kumi, na kila kumi ikitimia kokoto moja inahama kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, ili hesabu isipotee mtu akiwasalimia njiani. Kila kokoto ni sentimita moja kwenye karatasi. Kama kutoka nyumbani hadi steji ni hatua 200, hizo ni kokoto 20, yaani sentimita 20, na zinaenea kwenye ukurasa wa daftari kubwa.

Pande za dunia huharibikia ukutani. Ramani ikitundikwa, mtoto anaona kaskazini iko juu, na ukimuuliza anaelekeza kidole mbinguni. Wekeni karatasi chini, muigeuze mpaka mlango uliochorwa uelekee mlango wenyewe. Asubuhi kabla ya saa tatu, vivuli vikiwa bado virefu, mtoto anyooshe mkono wa kulia jua linakotokea. Anakotazama ni kaskazini. Sisi wa Nakuru tumebahatika, hatuhitaji dira: mbele ni mlima Menengai, mgongoni ni Ziwa Nakuru. Halafu mgeuzeni atazame ziwa, mumuulize tena mashariki ni wapi. Akinyoosha tena mkono wa kulia, bado hajaelewa. Alichoshika ni kwamba mashariki ni mkono wake.

Wakati ni mgumu kuliko mahali. Kwa mtoto wa umri huu zamani ni zamani tu. Nyanya, mkoloni na dinosaria wote waliishi siku moja. Kwa hivyo tunatumia kamba yenye mafundo, sentimita 10 kwa kila mwaka wa umri. Mtoto wa miaka 7 ana sentimita 70. Nyanya wa miaka 70 ana mita 7, na hapo kamba inatoka sebuleni mpaka nje, mtoto akiifuata kwa mshangao. Kama nyanya alizaliwa 1955, fundo la 8 ni 1963, mwaka Kenya ilipopata uhuru, naye alikuwa na umri wa mtoto wa Gredi ya 3. Fundo la 55 ni 2010, mwaka wa katiba ya sasa. Mwacheni mtoto aweke vidole juu ya fundo hilo la 8 na kuuliza nyanya alikuwa anavaa nini, anakula nini, alikwenda shule ipi au kama hakwenda. Tarehe za vita na mikataba zitangoja.

Kuhusu kuhoji watu, mtoto atakuja na maswali matano. Mengi yatakuwa ya kujibiwa ndiyo au la: "Unapenda kazi yako?" Msaidieni kuyageuza yaanze na nini, vipi au kwa nini. "Unaamka saa ngapi kwenda kununua mboga soko la Wakulima? Zisipouzwa unazifanyia nini?" Aanze kwa salamu, aombe ruhusa, angoje jibu liishe, ashukuru. Na nawasihi msimjibie. Mzazi akisimama kando akijibu badala ya mama mboga, mtoto anajifunza kwamba mama mboga hana la kusema. Tukiwauliza watoto wataje kazi, tunapewa daktari, rubani na mwalimu. Makanga, fundi wa viatu na anayezoa taka hawatajwi, ilhali bila huyu wa mwisho mtaa ungenuka siku ya tatu.

Sasa nije kwenye mahusiano, maana hapa ndipo maswali yamekuwa mengi.

Mtoto wa miaka minne asiyegawana si mchoyo. Bado hajaweza kushika kwa pamoja anachotaka yeye na anachotaka mwenzake. Kumhubiria hakusaidii. Katika PP1 tunaweka vifaa vya kutosha, na kile kimoja kinachogombaniwa tunakiwekea zamu inayoonekana. Mnaweza kuitengeneza nyumbani: chupa ya soda ya plastiki ikatwe kitako, kifuniko kitobolewe kwa msumari, chupa igeuzwe na kutiwa mchanga mkavu uliochekechwa. Pimeni kwa simu, ongezeni au punguzeni mchanga hadi uishe kwa takriban dakika mbili. Mchanga wenye unyevu utakwama na ugomvi utarudi palepale. Dakika tano ni nyingi mno kwa anayengoja.

Kuanzia PP2 tunawapanga wawili wawili. Watatu hatupendi, kwa kuwa mmoja huachwa. Gredi ya 2 na ya 3 hufanya kazi wanne wanne, kila mmoja na wajibu wake: mshika vifaa, mchoraji, msemaji, mtunza muda. Kikundi cha sita kinapendeza kwenye picha, lakini wawili ndio hufanya kazi na wanne hutazama. Wajibu hubadilishana kila wiki, la sivyo yule mwenye sauti kubwa atakuwa msemaji mpaka amalize shule.

Wakigombana, tunafuata mwendo mmoja. Kwanza mikono itengane na kila mmoja akae mpaka pumzi itulie. Mtoto anayelia kwa kwikwi hasikii neno. Pili, mmoja anaeleza kilichotokea, na mwenzake anarudia alichosikia mpaka wa kwanza aseme, "Ndiyo, ndivyo." Kisha wanabadilishana. Tatu, kila mmoja atoe mawazo mawili ya kutengeneza mambo, wachague moja. Nne, mwalimu anarudi baada ya dakika kama kumi kuona kama linafanya kazi. Hii ya nne ndiyo watu wazima husahau.

Kinachoharibu ni maswali na amri zetu. Ukiuliza "Nani alianza?" umefungua mahakama, na kila mtoto anakuwa wakili wake mwenyewe. Ukilazimisha "Sema pole!" anajifunza kwamba pole ni nauli ya kushuka kwenye kesi. Afadhali umuulize atafanya nini mwenzake ajisikie vizuri: kuokota penseli alizomwaga, kumletea maji, kumrudishia nafasi yake kwenye mstari.

Mwendo huu ni wa ugomvi wa watoto wanaolingana nguvu. Mtoto mmoja akimwonea mwenzake mara kwa mara, hatuwaketishi pamoja kusuluhishana, kwa sababu anayeonewa atakubali lolote ili atoke. Hapo mtu mzima anaingilia, anamlinda, na wazazi wa pande zote mbili wanaitwa kila mmoja kwa wakati wake. Mkishuku mtoto anaonewa au anaumizwa, shuleni, njiani au nyumbani, njooni ofisini, au pigeni 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto.

Wapo wanaoandika kwenye shajara, "Mwalimu, mchape tu." Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza. Na hata isingekataza, kiboko kinamfundisha mtoto kuchunguza mwalimu yuko upande gani, basi.

Kuna jambo la nyumbani ambalo shule hailiwezi peke yake. Madarasa yetu yana watoto wa Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana na wengine, na hucheza kati, brikicho na kalongolongo bila kuulizana kabila. Mtoto wa miaka sita akisema "watu fulani ni wezi," hilo hakulitunga. Amelisikia mezani au kwenye matatu. Mji huu uliona ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008, na wazazi wengi hapa hawahitaji kuelezwa. Akilisema, msicheke na msimfokee. Mwulizeni, "Unamjua nani wa kabila hilo? Yukoje?" Mara nyingi atamtaja rafiki yake wa dawati.

Familia pia si za aina moja. Hatuwaambii watoto "chora baba na mama", tunawaambia "chora watu mnaolala nao nyumba moja." Anayelelewa na nyanya, na shangazi, au na mama peke yake, anachora bila kufuta. Tafadhali msiwasahihishe.

Sasa hizo ripoti. Gredi ya 1 hadi ya 3 tunatumia ngazi nne: anazidisha matarajio, anafikia, anakaribia, na yuko mbali na matarajio. Kwa stadi za kuishi na wengine, mwalimu huchagua watoto watano kila siku na kuwatazama kwa makini: anangoja zamu? anaomba au ananyakua? akishindwa mchezoni anafanya nini? Darasa la watoto 40 linamalizika kwa siku nane za shule, kisha mzunguko unaanza upya, ili mtoto asihukumiwe kwa siku moja aliyoamka vibaya. Kosa la kawaida katika kazi hii ni kumpa mtoto mkimya ngazi ya juu kwa sababu hasumbui. Mtoto asiyethubutu kuomba kifutio naye anahitaji msaada, kama anayenyakua. Wazazi kadhaa mtashangaa kwamba mtoto wenu mpole ameandikiwa "anakaribia". Sababu ni hiyo, na mwalimu ataeleza.

Likizoni kila mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 ana kazi mbili tu: ramani ya njia au ya chumba kulingana na gredi yake, na kamba ya miaka ya mtu mmoja mzee. Msinunue karatasi za manila, msiende saiba kuchapisha picha. Upande wa nyuma wa kalenda kuukuu unatosha, au kadibodi ya katoni kutoka dukani. Kazi iliyofanywa na mzazi tunaitambua kwa mbali, maana mistari imenyooka mno, na mtoto hupoteza nafasi ya kupata msaada anaohitaji.

Chekechea hawana kazi ya kuandika. Wapeni jukumu moja la kila siku: kupanga vijiko, kukusanya viatu mlangoni. Gredi ya 1 wanaweza kuosha vikombe vya plastiki. Gredi ya 3, njia ikiwa salama, watumeni kwenye kioski cha karibu wakanunue vitu viwili au vitatu na kurudisha chenji. Onyesheni kwanza, fanyeni pamoja, mtazameni akifanya, kisha mwacheni. Na akishaosha kikombe, msikioshe tena mbele yake. Kama kina sabuni, mwiteni akisuuze yeye.

Kwa kufunga shule: ripoti zitachukuliwa na mzazi au mlezi mwenyewe, tafadhali msitume mtoto wa jirani. Tarehe ya kufungua Muhula wa Tatu iko kwenye kadi. Siku hiyo kila mtoto wa Gredi ya 1 aje na kasha moja la kiberiti, tupu. Sweta zilizookotwa ziko kwenye sanduku kando ya ofisi, nyingi hazina majina. Njooni na mtoto, mwacheni atambue yake.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu