Mtandao Umesingiziwa

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu lilipokuwa likifika Mbeya na basi la jioni, na sijawahi kukuandikia. Lakini ile taarifa yenu kwamba wakulima walishindwa kuona kumbukumbu za mazao yao ghalani kwa sababu ya "tatizo la mtandao" imenitoa kimya.

Mimi ni mmoja wao. Siku tatu nimetoka Igawilo na stakabadhi ya magunia 42 ya mahindi mfukoni, na kila siku kijana wa dirishani ananiambia faili halisomeki, mtandao huo, mzee, rudi kesho. Siku ya tatu nikamwomba binti wa meza ya pili aitafute namba ileile. Ikafunguka sijamaliza hata kuitaja! Waya mmoja, mtandao mmoja. Ni mtandao gani huo unaochagua meza? Kumbe wiki ile data zilihamishiwa seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya kuzitunza, na programu ya kijana, ambayo haikuzimwa tangu Jumatatu, ilikuwa bado inakumbuka zilikokuwa zamani. Kumbukumbu hiyo ya pembeni mafundi huiita kache. Mifumo hii ya kutunza data kwenye mashine nyingi huikata vipande, kila kipande nakala zake kwenye mashine kadhaa, mara nyingi 3, na kompyuta inayosoma hujiwekea orodha ya kipande kipi kiko wapi, isiisumbue seva kuu kila dakika. Sawa. Ila kipande kikihama na orodha isibadilishwe, inapiga hodi kwa mpangaji aliyekwishahama, kisha inatutangazia kwamba hayupo duniani. Nimefanya kazi za kompyuta kabla ya kurudi shambani, na si jambo geni: watafiti wa kompyuta Gray na Cheriton waliandika mwaka 1989 juu ya kuipa kache muda wa kuisha, kama mkataba wa pango. Google walieleza mwaka 2003 jinsi kila kipande kinavyopewa namba ya toleo, nakala iliyopitwa ijulikane. Sisi mwaka huu tunaambiwa mtandao.

 

Programu ikishindwa kusoma, itupe orodha yake, iulize seva kuu upya, ndipo iseme imeshindwa. Fundi akiona kazi, kijana aizime na kuiwasha kila asubuhi kabla ya chai. Na hilo nalo likiwa zito, nauli yangu ya zile siku mbili za bure apewe binti wa meza ya pili.

Mkulima,
Igawilo, Mbeya