Rangi nyekundu kwenye aneurizimu haitoshi

Mhariri,

Habari zinazodai kwamba kompyuta sasa inajua aneurizimu ipi ya ubongo itapasuka zinawatisha wagonjwa bure. Aneurizimu ni sehemu ya ateri iliyodhoofika ikatuna kama puto. Takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanayo, na nyingi hazipasuki kamwe. Kuitibu nako kuna hatari zake, ndiyo maana uamuzi ni mgumu.

Uigaji, yaani kukokotoa kwa kompyuta jinsi damu inavyopita mshipani, huanzia kwenye picha za CT, MRI au eksirei ya mishipa. Umbo la mshipa huchorwa kutoka kwenye picha hizo, likagawanywa vipande vidogo vidogo, mara nyingi mamilioni, kisha kompyuta ikakokotoa mwendo wa damu kwa mapigo kadhaa ya moyo. Pigo la kwanza hutupwa, maana hesabu bado haijatulia. Kinachosakwa zaidi ni msuguano wa damu kwenye ukuta wa mshipa, na kwenye picha ya matokeo mara nyingi msuguano mkubwa huonyeshwa kwa rangi nyekundu.

Mambo huharibikia kwenye uchoraji. Kiasi cha damu kikibaki kilekile, ateri iliyochorwa nyembamba kwa asilimia 10 hupandisha msuguano kwa asilimia 37 hivi. Kwa ateri ya milimita 3, kosa hilo ni milimita 0.3 tu! Shingo ya aneurizimu, yaani mdomo unaoiunganisha na ateri, ikichorwa pana kupita kiasi, damu huingia kwa namna nyingine kabisa.

Kasi ya damu inayoingia nayo mara nyingi haikupimwa kwa mgonjwa huyo. Imeazimwa kwa watu wengine. Ukuta huchukuliwa kuwa hautanuki, na unene wake, jambo kubwa katika kupasuka, hauonekani kwenye picha za kawaida. Tena msuguano mdogo na mkubwa, vyote viwili, vimehusishwa na kupasuka, na tafiti nyingi zilichunguza aneurizimu zilizokwisha kupasuka, ambazo huenda umbo lake lilishabadilika.

Uigaji una thamani kubwa katika utafiti, nasi tunautetea. Ila daktari bado anahitaji kuangalia ukubwa na mahali ilipo aneurizimu, umri, shinikizo la damu, kama mgonjwa aliwahi kuvuja damu ubongoni, na kama imekua kati ya picha mbili.

Mwandishi akiletewa picha yenye doa jekundu, aulize: kasi ya damu ilipimwa kwa nani? Hesabu ilirudiwa kwa kasi nyingine na shingo iliyochorwa upya? Na je, doa lilibaki palepale?

Wahandisi wa uigaji wa mtiririko wa damu