Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo na Chakula wa Norway: mlima wenu umesoma nyuzi ngapi?

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kiambu, Kenya. Mimi ni fundi wa friji. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimetengeneza vyumba vya baridi vya maua, vya maziwa, vya samaki, na kwa miaka michache vya mbegu. Svalbard, visiwa vyenu vya kaskazini ya mbali karibu na ncha ya dunia, sijafika na sidhani nitafika. Nakuandikia kwa sababu wizara yako ndiyo yenye dhamana ya ghala la mbegu la dunia, linalotunza nakala za mbegu za benki nyingine, lililochimbwa mlimani huko karibu na mji wa Longyearbyen, na humo mna masanduku yaliyotoka benki ya mbegu ya Muguga, hapa hapa kwetu. Ghala lilipofunguliwa tarehe 26 Februari 2008, sanduku la kwanza liliingizwa na Waziri Mkuu wenu wa wakati huo, Jens Stoltenberg, pamoja na marehemu Profesa Wangari Maathai. Kwa hiyo sibishi hodi kwenye nyumba nisiyoijua.

Chumba cha baridi, Mheshimiwa, mara nyingi hakiharibikii ukutani. Huharibikia mlangoni. Raba ikichoka, hewa yenye unyevu hupenya, hukutana na sakafu ya baridi na kuganda. Siku ya tatu unakuta ulimi wa barafu umelala kizingitini na mlango haufungi tena. Nimeupasua ulimi huo kwa bisibisi mara nisizoweza kuhesabu, nimepiga magoti, vidole havina hisia. Adui wa pili ni joto la mashine yenyewe. Kompresa hutema joto, na ukiiweka ndani ya chumba kilekile unachokipoza, unamlipa mtu azime moto huku wewe ukiongeza kuni.

Tazama basi yaliyowapata. Oktoba 2016, wakati ambao mlima ule hutarajia theluji, ilinyesha mvua. Maji yaliingia kwenye njia ya kuingilia ghalani, yakaenda kama mita 15, yakaganda. Hayakufika kwenye mbegu, wala hakuna mbegu iliyodhurika, na hilo nalisema wazi kwa sababu kuna waliotia chumvi. Ila wajenzi walikuwa wamefukua mlima ili kupitisha bomba kubwa la chuma, wakitumaini udongo waliourudishia ungeganda upya na kuziba kila upenyo. Haukuganda. Na mitambo ya umeme iliyowekwa ndani ya njia hiyo ilikuwa ikitoa joto humo humo. Mlango na kompresa! Nilipoyasoma nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka.

Mlirekebisha, na mlirekebisha vizuri. Mwaka 2018 serikali yenu ilitenga krona milioni 100, njia ikajengwa upya kwa zege lisilopitisha maji, mitambo ikahamishiwa kwenye jengo la nje. Fundi hawezi kuikosoa kazi hiyo.

Shida yangu ni kile ambacho zege haliwezi kukitengeneza. Mbegu huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na hizo hutoka kwenye mashine. Mlima wenyewe una nyuzi kama 3 au 4 tu chini ya sifuri. Hesabu ya waliojenga ilikuwa kwamba hata stima ikipotea, mlima utashika zamu. Lakini mlima nao unapata joto. Kati ya 1971 na 2017 wastani wa joto la Svalbard ulipanda kati ya nyuzi 3 na 5. Pale Longyearbyen nyumba za zamani zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizozamishwa kwenye udongo ulioganda. Udongo ukilegea, nguzo huoza na sakafu hulala upande. Nyumba mpya sasa zinapewa nguzo za chuma zinazoshuka chini zaidi. Hata njia ya ndege yanakoshukia masanduku yetu, iliyofunguliwa 1975, imelala juu ya udongo huo huo, na kila udongo unapovimba au kushuka hubidi isawazishwe tena. Desemba 2015 poromoko la theluji lilisukuma nyumba 11 za mji huo na kuua watu wawili. Mji unaohamisha nyumba zake hauwezi kuwa na ghala lisilohitaji kuangaliwa kila siku.

Tena kuna umeme. Mtambo wenu wa makaa ya mawe ulizimwa Oktoba 2023, mji ukahamia dizeli. Jenereta za dizeli nazifahamu kama ndugu zangu wa damu. Usiku mmoja, kwenye kituo nisichokitaja, stima ilipotea na jenereta ikakataa kuwaka kwa sababu betri ya kuwashia ilikuwa imekufa na hakuna aliyeipima kwa miezi. Tulikaa gizani na tochi, tukitazama kipimajoto kikipanda, nyuzi moja, nusu, nyingine. Wazee husema akiba haiozi. Hawakuwa mafundi wa friji.

Sisemi ghala lihamishwe. Mwaka 2015 kituo cha utafiti wa mazao kilichokuwa Aleppo, Syria, baada ya vita kukitenga na hazina yake, kilichukua mbegu zake kutoka kwenu, kikazipanda Lebanon na Morocco, na 2017 kikaanza kurudisha nakala. Ningekuwa mjinga kulibeza.

Ninachoomba ni kidogo. Maji yaliingia Oktoba 2016. Wengi wetu wenye mbegu humo tulisikia Mei 2017, tena magazetini. Mwenye mali hapaswi kuambiwa na wapita njia kwamba paa limevuja. Mna vipimajoto ndani ya ule mwamba. Kila baada ya miezi mitatu, andikeni usomaji wake mahali ambapo mtu wa Muguga anaweza kuufungua kwa simu yake: joto la mwamba, joto la vyumba, saa ambazo umeme ulikatika, na maji yaliyopampiwa nje ya njia ya kuingilia. Mkiwa na mpango wa umeme baada ya dizeli, uwekeni hapo hapo, na tarehe ya mwisho ambayo jenereta ya dharura iliwashwa kwa majaribio, si kwa karatasi.

Kule nyumbani mama yangu alitundika mahindi ya mbegu juu ya jiko yapate moshi. Kila jioni, kabla ya kusonga ugali, aliinua uso na kuyatazama. Ukimuuliza ameona nini, anakujibu: hakuna kitu. Jibu hilo alilitoa kila siku.

Nangoja la kwenu, hata likiwa ni hilo.

Wako,
Fundi wa friji, Kiambu