Tupimeni kabla ya kutusomesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwaombe wakubwa wa vyuo watupime sisi tuliojifunzia kazini kabla ya kutusomesha. Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Kiboriloni hapa Moshi. Kwa miaka 17 nimekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika huko mlimani. Msimu wa kahawa ukifunguliwa, mimi ndiye ninayesimama kwenye mizani, ninayeandika stakabadhi, ninayeingiza kilo za kila mkulima kwenye leja yake, na mkaguzi akija ndiye ninayemtafutia kiti na kumfungulia mafaili. Mwaka jana viongozi wa chama wakaniambia wazi kwamba bila diploma nafasi ya uhasibu nitaisikia kwa jirani. Nikajiandikisha masomo ya jioni kwenye chuo kimoja cha kati, ngazi ya 4 ambayo ndiyo ya kuanzia kuelekea diploma, na wenzangu darasani ni vijana waliomaliza kidato cha nne juzi.

Wiki ya tatu mwalimu wetu wa uhasibu aliandika ubaoni urari, lile jedwali ambalo jumla za pande zake mbili lazima zilingane. Ni kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, na kila kipindi huanza kwa kuniamkia, "Shikamoo mama," darasa zima likacheka. Siku hiyo upande wa kushoto na wa kulia vilipishana kwa shilingi 27,000. Akafuta, akajumlisha upya kwa simu, zikabaki 27,000 zile zile. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, 27,000 inagawanyika kwa 9. Angalia kama kuna tarakimu zimepinduliwa." Tukapitia mstari kwa mstari, tukaikuta: mauzo ya 63,000 yalikuwa yameandikwa 36,000.

Hiyo si akili ya kuzaliwa. Karani mzee niliyempokea kazi alinifundisha msimu wangu wa kwanza, tukiwa tumekaa na kandili saa tatu usiku kwa sababu ya tofauti ya shilingi 540. Ukipindua tarakimu mbili zilizofuatana, tofauti lazima igawanyike kwa 9. Haimaanishi kila tofauti ya hivyo imetokana na kupindua, ila hapo ndipo pa kuanzia kabla hujaanza kumshuku mtu wizi.

Kijana wa watu ni muungwana, hakukasirika. Alisema tu, "Mama, hiyo tutaifika wiki ya tisa." Wiki ya tisa ikafika. Nikapanda hiace baada ya kazi, nikakaa, nikanakili ubaoni nilichokuwa nimemwambia mwenyewe.

Sina ugomvi na mwalimu huyo wala na chuo. Ugomvi wangu ni na utaratibu. Mlangoni nilipimwa cheti, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza kichwani nimeingia na nini. Nimelipia muhula mzima wa somo ambalo ningeweza kulifanyia mtihani siku ya kwanza.

Mtu asiseme kwamba jambo hili ni geni nchini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi mwashi, seremala au mpishi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, anaambiwa ana upungufu gani, akifaulu anapewa cheti. Nenda kwenye gereji za Unga Limited kule Arusha, hutakosa fundi wa kukueleza habari hizo. Kwenye vyuo vikuu nako ipo njia ya kuingilia kwa kutambuliwa ujuzi wa awali, ile inayoitwa RPL. Hata NBAA, bodi ya wahasibu, huwasamehe wenye shahada baadhi ya mitihani yao. (Neno lenyewe ni "msamaha", kana kwamba kusoma kabla ya wakati ni kosa.)

Lakini tazama vizuri. Cha VETA ni cheti cha fundi. RPL ni ya kukufikisha mlangoni. Msamaha wa bodi unapewa kwa karatasi uliyokwisha kuipata kwingine. Mtu kama mimi, aliyekwisha kuingia darasani na anajua nusu ya kinachofundishwa, hatuoni mahali petu.

Na ukisoma namna masomo yetu yanavyohesabiwa, unashangaa zaidi. Mfumo wa NTA, yaani wa ngazi za tuzo za vyuo vya kati, unahesabu kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Saa za kujifunza, si za kukalia benchi. Ndani yake zimo za darasani, za kujisomea na za mazoezi. Sasa misimu 17 ya kufunga vitabu ni saa ngapi? Nimejaribu kupiga hesabu nikaacha, maana nilikuwa naelekea kwenye digrii.

Wazee watakumbuka kwamba tuliwahi kwenda mbali kuliko ninapoomba. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana wa kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ilibidi kwanza afanye kazi, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama tawala. Kazi ilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Utaratibu ule ulikuja kuachwa, na mimi siuombi urudi, kwa sababu ulitegemea barua. Barua tunazijua. Ukinipa nusu saa na hela ya soda nakuletea barua inayosema nimekuwa rubani.

Ndiyo maana naomba mtihani. Marekani wanao mpango unaoitwa CLEP, ulioanza mwaka 1967 chini ya College Board, taasisi yao ya mitihani. Mtu hahojiwi amejifunzia wapi, dukani, jeshini au jikoni kwake. Analipia, anakaa kama saa moja na nusu mbele ya kompyuta, anapewa alama kati ya 20 na 80, na kwa kawaida akipata 50 vyuo vinavyoukubali mpango huo vinamwandikia krediti za somo hilo. Kila chuo kina uhuru wa kukataa au kuweka alama yake ya juu zaidi. Ufaransa wao tangu 2002 wana sheria inayomruhusu mtu kupata shahada nzima au sehemu yake kwa uzoefu wa kazi, lakini huandika maelezo marefu ya alichofanya na kuyatetea mbele ya jopo. Njia hiyo ya pili ni nzuri, ila kwetu ingeanza na foleni ya kutafuta wanajopo na posho zao. Mtihani ni rahisi zaidi, na tayari upo: ule ule wanaoufanya vijana mwisho wa muhula. Mniruhusu niufanye mwanzoni. Nikifaulu, somo liandikwe nimelipita. Nikianguka, nakaa darasani kama wenzangu na ada yangu mkononi.

Na ningeanguka, tena vizuri tu. Nisijifanye malaika. Takwimu za biashara nimepata sapu, yaani nirudie mtihani, na uhasibu wa gharama nilikuwa siujui kabisa, kwa sababu chama chetu hakitengenezi kitu, kinakusanya kahawa na kuipeleka kukobolewa. Miaka 17 ya kazi ina matobo yake, na mtu wa kazini mara nyingi hayajui mpaka apimwe. Kwa hiyo anayeogopa kwamba vyeti vitagawiwa kama pipi, aniulize mimi na sapu yangu.

Najua pia kinachosemwa pembeni, kwamba chuo kitakosa ada. Kitoze ada ya mtihani. Kwa hesabu yangu ya kikarani, mtu mzima anayeweza kumaliza kwa mwaka mmoja na nusu badala ya miaka mitatu atajiandikisha, na ambaye hawezi kuacha kibanda chake Soko la Mbuyuni kwa miaka mitatu hatajiandikisha kabisa. Chuo kitachagua chenyewe kipi kina hela.

Kazi za kugusa maisha ya watu, kama uuguzi, sizungumzii; huko wenye taaluma wanajua mipaka yao. Nazungumzia vitabu vya fedha, uhazili, ununuzi, stoo, hoteli, kazi ambazo mji huu na Arusha zimejaa watu wanaozifanya kila siku bila karatasi. NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vyetu vya kati, wakitoa mwongozo mmoja tu unaosema chuo lazima kimpime anayeomba kupimwa, vyuo vitajipanga.

Muhula ujao nimeona kwenye ratiba somo la Utunzaji wa Kumbukumbu na Stakabadhi, Jumatatu na Jumatano saa kumi na moja jioni. Nimeshanunua daftari.

Karani wa Chama cha Msingi,
Kiboriloni, Moshi