Mchezaji asipolipwa, anamdai nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaulize wanaoendesha klabu za kandanda, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma, swali ambalo hata sisi mashabiki tumelikwepa kwa muda mrefu: mchezaji anapomaliza miezi kadhaa bila mshahara, anamdai nani?

Kisheria jibu lipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na mshahara wote ulipwe unapofika wakati wake. Mchezaji wa Ligi Kuu hufika mazoezini kwa saa aliyopangiwa, husafiri anapoambiwa asafiri, na hawezi kuchezea timu nyingine bila idhini ya klabu iliyomsajili. Huyo ni mwajiriwa kwa kila kipimo. Tatizo ni kwamba anapokwenda kumtafuta mwajiri wake, humwona mdhamini aliyeondoka, mwenyekiti aliyezima simu na kamati inayosema haikuwepo mkataba ulipotiwa sahihi.

Zamani katika ukanda wa miwa mambo yalikuwa wazi zaidi. Timu za Mumias, Chemelil, Nzoia na SoNy zilikuwa za viwanda, na mchezaji alijua ofisi ya kubisha hodi. Viwanda vilipolemewa, timu zililemewa navyo. SoNy Sugar ya Awendo, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 2006, iliondolewa ligini mwaka wa 2019 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi 3. Mwaka huohuo kampuni ya Mumias iliwekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikiidai, na mnamo Agosti SportPesa, kampuni ya kamari ya michezo, ikasitisha udhamini wake, klabu kubwa na ligi yenyewe zikabaki mikono mitupu. Kuhusu timu zinazotegemea serikali za kaunti nitasema machache tu: timu ya gavana mmoja haina hakika ya kupendwa na gavana anayemfuata, na mshahara wa mtu haufai kusubiri uchaguzi.

Klabu za jamii ndizo zinazonikera zaidi kwa sababu ndizo ninazozipenda. AFC Leopards ilizaliwa 1964 na Gor Mahia 1968, na hadi leo ni mali ya wanachama. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini limekuwa pia kichaka cha kujifichia, kwani mali ya wote huishia kutokuwa na mwenye kuulizwa. Viongozi wapya wakichaguliwa hutangaza kwamba madeni ni ya waliowatangulia. Sikubaliani nao hata kidogo. Deni ni la klabu, na kamati inayorithi makombe kabatini hurithi pia mishahara isiyolipwa. Nasi wanachama, ambao ndio wamiliki, tuna sehemu yetu ya lawama. Tunaimba uwanjani kwa dakika 90, kisha hatuhudhurii mkutano mkuu ambako hesabu husomwa, na wapo miongoni mwetu wanaoona fahari kuingia Moi Stadium bila tiketi huku wakidai timu isajili mshambuliaji mpya.

Nayaandika haya nikiwa mzazi. Kijana wangu alichezea klabu moja ambayo sitaitaja, na aliumia goti akiwa mazoezini, mbele ya kocha na wenzake. Hospitali ilitaka malipo ya awali. Waliochanga ni wachezaji wenzake, ambao wenyewe walikuwa hawajalipwa, pamoja na wajomba zake na mimi. Nilipoomba nakala ya mkataba nijue anastahili nini, nikagundua kwamba alitia sahihi lakini hakupewa hata karatasi moja. Afisa wa klabu aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba tuombe Mungu apone haraka kwa sababu msimu unaisha. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya siku kama ile. Kama bima ilikuwapo, hakuna aliyetuonyesha.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wetu wanalijua vizuri, ingawa mashabiki wengi hawalijui. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 anaweza kuvunja mkataba kwa haki, baada ya kuiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Lakini mahakama ya FIFA husikiliza kesi zenye sura ya kimataifa. Mchezaji wa kigeni akishtaki huko, klabu hufungiwa kusajili hadi ilipe, adhabu ambayo Gor Mahia imewahi kuionja. Mkenya aliyeketi naye benchi moja, anayedai klabu ileile, hana mlango huo. Anabaki na vyombo vya hapa nchini pamoja na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na madai yake hupitwa na wakati baada ya miaka 3. Wengi huogopa kuitwa wakorofi wakakosa timu nyingine, na miaka hiyo huisha wakiwa kimya.

Agosti 2025, Kenya ilipoandaa CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nyumbani pekee, Rais aliwaahidi wachezaji wetu shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kila ushindi. Walistahili, na walituletea furaha kubwa. Hata hivyo zawadi ya ushindi haiwezi kulipa kodi ya nyumba ya beki wa timu ya 15 kwenye jedwali, na huyo pia ni mfanyakazi.

Ninachoomba ni hiki. Shirikisho la Kandanda Kenya (FKF) lisiipe klabu yoyote leseni ya msimu kabla haijaweka benki dhamana ya angalau mishahara ya miezi 3, kuwasilisha cheti cha bima ya wachezaji, na kuthibitisha kwamba kila mchezaji ana nakala ya mkataba wake mkononi. Nitaambiwa kwamba baadhi ya klabu 18 za Ligi Kuu zitashindwa. Basi zishindwe Julai, kabla hazijamhamisha kijana wa watu kutoka kwao, badala ya kushindwa Februari akiwa anadaiwa kodi katika mji usio wake. Na wanachama wa klabu za jamii, kwenye mkutano mkuu ujao, kabla ya kujadili kocha wala usajili, watake orodha ya madeni ya wachezaji isomwe kwa sauti, pamoja na tarehe ambayo kila deni litalipwa.

Mzazi wa mchezaji,
Kondele, Kisumu